Njia ya Angani na Gharama Yake

Ndege ikipita juu ya shule, hakuna mwalimu awezaye kushindana nayo. Hata mwanafunzi aliye mtulivu kuliko wote huinua macho dirishani, na mwalimu mwenyewe, tuseme kweli, hutega sikio mpaka mngurumo upotee. Wazee wetu waliishangaa ndege. Watoto wetu waijua kwa jina lake la mjini, ndeke, kabla hawajajua jina la mto upitao kijijini. Lakini ni wachache wajuao jinsi njia hii ya angani ilivyofunguliwa, na ni nani waliolipa ili abiria wa leo aketi kitini, afunge mkanda, asali kidogo, kisha alale usingizi. Juma hili twapenda kuwasimulia habari hiyo, maana sehemu yake kubwa ilitokea kwetu, juu ya mto wetu na karibu na ziwa letu.

Ndugu wawili Wright wa Marekani hatuna haja ya kuwaeleza sana. Kila mtoto wa shule amesikia kwamba tarehe 17 Desemba 1903 chombo chao kiliruka sekunde 12. Kuruka, hata hivyo, ni jambo moja, na kumchukua mtu kwa nauli, siku iliyotangazwa na saa iliyotangazwa, ni jambo lingine kabisa. Hilo la pili lilianza siku ya mwaka mpya 1914, katika jimbo la Florida. Rubani Tony Jannus alimvusha ghuba bwana mmoja aitwaye Abram Pheil, kutoka mji wa St. Petersburg mpaka Tampa, kwa dakika 23. Nafasi ile ya kwanza iliuzwa kwa mnada, na bwana huyo akaipata kwa dola 400, ingawa nauli ya siku zote ilikuwa dola 5. Chombo kilikuwa na nafasi ya rubani na abiria mmoja, wote wawili wazi kwa upepo na maji. Njia hiyo haikudumu hata nusu mwaka. Kisha vita vikuu vikaja, na ndege zikafundishwa kazi nyingine.

Vita vilipokwisha, Ulaya ilikuwa na marubani wengi wasio na kazi na ndege nyingi zisizo na adui. Mwaka 1919 watu wakaanza kusafirishwa kila siku kati ya London na Paris. Na sisi? Hapa ndipo wasomaji wengi watakaposhangaa, kama tulivyoshangaa sisi tuliposoma habari hizi mara ya kwanza. Tarehe 1 Julai 1920, wakati nchi nyingi kubwa zilikuwa bado hazina njia hata moja ya ndege, njia ilifunguliwa juu ya mto Kongo. Iliitwa Ligne Aérienne Roi Albert, yaani Njia ya Angani ya Mfalme Albert. Ilianzia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na mwaka uliofuata ikafika Stanleyville, yaani Kisangani.

Ndege zake zilikuwa za kutua majini, zimeundwa kwa mbao na kitambaa, na tumbo lake lilifanana na mtumbwi. Akili ya jambo lile ilikuwa nzuri. Katika nchi isiyo na kiwanja hata kimoja, waliona kwamba Mungu alikuwa amekwisha kuwawekea kiwanja kirefu kupita vyote duniani, nacho ni mto. Rubani aliufuata mto chini yake kama mtu afuataye njia, na injini ikizimika (nazo zilizimika mara nyingi) alishuka polepole akaketi juu ya maji, akangoja msaada. Meli ya mto ilihitaji majuma mawili au zaidi kupanda mpaka Stanleyville. Ndege ilikwenda kwa siku chache tu. Lakini mbao na kitambaa havipatani na joto na unyevu wa msitu wetu, na mizigo yenyewe ilikuwa barua zaidi kuliko watu. Mwaka 1922 njia ikafungwa.

Mwaka ule ule wa 1920, mwezi wa Machi, Papa Benedikto wa Kumi na Tano alikuwa ameitangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa warukao angani. Wakristo wanajua mapokeo ya Loreto, kwamba nyumba ya Nazareti ilichukuliwa hewani na malaika. Marubani wa siku zile, wenye kuketi juu ya mbao na kitambaa, nadhani hawakuliona jambo hilo kuwa la mchezo.

Sasa tufike kwa mtu ambaye twapenda kukaa naye kidogo. Edmond Thieffry alikuwa mwanasheria wa Bruxelles, na katika vita alikuwa rubani hodari aliyeangusha ndege 10 za adui. Baada ya vita hakuridhika na makaratasi ya mahakama. Shirika la Sabena lilikuwa limeundwa nchini Ubelgiji mwaka 1923, na Thieffry akatia moyoni neno moja: kwamba Ubelgiji na Kongo ziunganishwe kwa ndege. Wakati huo mtu aliyetoka Antwerpen alikaa baharini majuma karibu matatu ndipo aone Matadi. Wengi walimwambia kwamba jangwa la Sahara halina mzaha, wala msitu hauna mahali pa kutua.

Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Bruxelles pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Joseph De Bruycker. Ndege yao ilikuwa kubwa kwa siku zile, yenye injini tatu, moja puani na mbili mabawani, nayo iliitwa kwa jina la binti mfalme, Princesse Marie-José. Wakapita Ufaransa na Hispania, wakavuka bahari mpaka Oran, wakaingia jangwani kupitia Colomb-Béchar, wakafika Gao na Niamey kwenye mto Niger, kisha Zinder, kisha Fort-Lamy karibu na ziwa Chad, kisha Bangui, na mwisho wakaufuata mto Kongo mpaka Léopoldville. Walitua huko tarehe 3 Aprili. Hesabu yake: siku 51.

Wanafunzi wapendao hesabu na wachukue kalamu. Katika siku hizo 51, saa walizokuwa angani hazikuzidi sana 75. Saa 75 ni siku tatu na saa tatu. Basi siku karibu 48 zilikwenda wapi? Zilikwenda chini. Zilikwenda katika kungoja hali ya hewa ipoe, na kutengeneza kilichovunjika. Twaona hapo fundisho ambalo halikuandikwa katika magazeti ya siku zile, yaliyojaa vigelegele tu: ndege ilikuwa tayari kuja Kongo, bali njia haikuwa tayari. Njia ya angani haimo angani. Imo chini: katika kiwanja kilichofyekwa, katika pipa la mafuta lililowekwa mahali pake mapema, katika fundi ajuaye kazi, katika mtu wa simu ya upepo atoaye habari za dhoruba. Na waliofyeka viwanja hivyo katika nchi yetu, wakabeba na mapipa, walikuwa babu zetu, ambao kwa miaka mingi waliijua ndege kwa upande wa chini tu.

Kazi hiyo ya chini ilichukua miaka kumi. Sabena ilianza kwanza njia za ndani, toka Boma kupita Léopoldville na Luebo mpaka Élisabethville, yaani Lubumbashi. Thieffry mwenyewe hakutulia. Alirudi Kongo kuchunguza jinsi njia nyingine za ndani zitakavyofunguliwa, na tarehe 11 Aprili 1929 ndege yake ndogo ikaanguka karibu na ziwa Tanganyika, upande wa Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Akafa, pamoja na mwenzake mmoja. Wa tatu akapona. Alikuwa hajafikisha miaka 37. Mtu apandaye treni ya chini ya ardhi huko Bruxelles leo atakuta kituo chenye jina lake. Kwetu, alikofia, watoto wengi hawajalisikia.

Tarehe 23 Februari 1935 safari ya kwanza ya ratiba iliondoka Bruxelles kuja Léopoldville. Ndege ilikuwa Fokker ya injini tatu, nayo ilipewa jina la Edmond Thieffry. Ilifika kwa siku tano na nusu. Usiku abiria walilala chini kama watu wengine, maana hawakusafiri gizani. Upande wa mashariki wa bara letu Waingereza walikuwa wametangulia: tangu mwaka 1932 ndege zao ziliunganisha London na Cape Town kupitia Kisumu na Nairobi. Baada ya vita vya pili zikaja ndege kubwa za injini nne, na siku zikageuka kuwa saa.

Tumekuja sasa kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya namna mpya iliondoka London kwenda Johannesburg. Iliitwa Comet, nayo haikuwa na mapangaboi. Injini zake zilisukuma kwa moto na hewa, ndiyo maana ya neno jeti. Ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti duniani kuchukua abiria kwa nauli, na njia yake ilikuwa ya Afrika: ilitua Khartoum, ikatua Entebbe nchini Uganda, ikatua Livingstone. Abiria 36 walifika Johannesburg kabla siku moja nzima haijapita. Ilipita juu ya mawingu na dhoruba, mahali ambapo hewa ni nyembamba kiasi cha kumuua mtu. Kwa hiyo chumba cha abiria kilifungwa kabisa, kikajazwa hewa. Dunia nzima iliisifu.

Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilitoka Roma asubuhi. Karibu na kisiwa cha Elba ikapasuka hewani, ikaanguka baharini na watu 35. Wavuvi wa Italia ndio waliotangulia kufika, wakaokota maiti. Ndege zote za Comet zikasimamishwa. Mafundi wakazichungulia, wakakisia sababu nyingi, wakatengeneza kila walichokisia. Lakini sababu yenyewe hawakuijua. Kulikuwa na haraka. Ndege isiyoruka haileti nauli, na heshima ya taifa ilikuwa hatarini. Tarehe 23 Machi zikaruhusiwa kuruka tena. Majuma mawili baadaye, tarehe 8 Aprili, nyingine ikatoka Roma vile vile, ikapasuka vile vile, ikaanguka karibu na Napoli. Watu 21.

Twaomba msomaji asiipite habari hii upesi. Watu 35 wa kwanza walikufa kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyelijua. Hawa 21 walikufa kwa sababu ya watu waliojua kwamba hawajui, wakaruhusu.

Ndipo ikafanyika kazi ambayo sisi twaihesabu kuwa kubwa kuliko kuunda ndege yenyewe. Jeshi la bahari la Uingereza lilipekua chini ya bahari ya Elba, likaokota vipande kimoja kimoja, na huko Farnborough mafundi wakavipanga kama mtoto apangavyo vigae vya chungu kilichovunjika. Daktari mmoja wa Pisa alichunguza maiti, akaona alama za watu waliorushwa ghafula na hewa iliyotoka kwa nguvu. Kisha wakachukua Comet nyingine nzima, wakaitia katika tangi kubwa la maji, mabawa yakitokeza nje. Wakaijaza maji ndani na kuyasukuma, kisha wakayalegeza. Wakasukuma tena, wakalegeza. Kila mara moja ilikuwa mfano wa safari moja: kupanda juu na kushuka. Walifanya hivyo mchana na usiku. Ilipofika jumla ya safari kama 3,000, zile za kweli ilizoruka zamani na zile za mfano, ubavu wa ndege ukapasuka kwenye pembe ya tundu.

Kila mtoto aliyeunda gari la waya aijua sababu. Ukitaka kukata waya bila koleo, waukunja huku, waukunja kule, mara moja haukatiki, mara kumi haukatiki, kisha kwa ghafula wakatika. Mafundi huuita uchovu wa chuma. Tumbo la Comet lilivimba kidogo kila ilipopanda na kunywea kila iliposhuka, na katika pembe za madirisha, penye misumari ya ribiti, uchovu ulikusanyika. Ile ya Elba ilikuwa imeruka safari 1,290. Ile ya Napoli 900 tu. Na waliovumbua haya hawakuyaficha. Baraza la uchunguzi lilikaa mbele ya watu wote mwaka ule ule wa 1954, na waundaji wa nchi nyingine, hata washindani, wakasoma. Oktoba 1958 Comet mpya yenye madirisha ya mviringo ikavuka Atlantiki, na mwezi ule ule Boeing 707 ya Wamarekani ikaanza kazi, ikashinda soko. Sabena nayo ikachukua ndege hizo, na safari ya Thieffry ya siku 51 ikawa ya usiku mmoja.

Kuna mtu mwingine katika habari hiyo ya Comet. Alizaliwa Australia mwezi wa Machi 1925, Thieffry angali njiani kuja kwetu. Jina lake David Warren. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kianglikana, mmisionari. Mwaka 1934, David akiwa na miaka tisa, baba yake alipanda ndege iliyopotea juu ya bahari kati ya Tasmania na bara, na sababu yake haikujulikana kamwe. Mtoto akakua, akawa mtaalamu wa kemia huko Melbourne, akaitwa katika mashauri juu ya Comet. Wakati wenzake wakibishana juu ya sababu, yeye alijiuliza neno jepesi: kama kungalikuwa na chombo ndani ya ndege kilichosikia maneno ya mwisho ya marubani, nacho kikapona! Akakiunda. Mwanzoni hakupata sifa. Marubani wengine walisema wanawekewa mpelelezi. Leo kila ndege kubwa ya abiria inacho. Watu hukiita sanduku jeusi, ingawa rangi yake ni ya machungwa, ili kionekane upesi majanini na majini.

Mataifa nayo yalikwisha kufunga agano. Mwaka 1944 mjini Chicago mataifa 52 yalitia sahihi mkataba wa usafiri wa anga, na mwaka 1951 ikaongezwa kanuni kwamba ndege ikianguka lazima sababu itafutwe, na shabaha ya kuitafuta si kumlaumu mtu bali kuzuia ajali nyingine. Waliopitia seminari watatambua hapo kitu cha kufanana na kuchunguza dhamiri: mtu hataki kusikia fulani ni mbaya, ataka kujua alianguka wapi.

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1960, mwaka uliofuata ikaanzisha shirika lake, Air Congo, ambalo baadaye likaitwa Air Zaïre na kufa mwaka 1995. Sabena nayo ilifilisika mwaka 2001. Hayo ni mambo ya biashara. Mashirika huzaliwa na kufa. Linalotuumiza ni lingine. Nchi hii, ambayo mwaka 1920 ilikuwa na njia ya ndege, tangu mwaka 2006 ilitiwa na Umoja wa Ulaya katika orodha ya nchi ambazo mashirika yake hayaruhusiwi kutua kwao, na miaka ikapita bila kutolewa. Nasi si watu wa kusafiri kwa anasa. Aliye Kinshasa na mama yake mgonjwa yuko Goma au Kalemie, barabara iko wapi? Ndege kwetu ndiyo barabara.

Tarehe 8 Januari 1996, katika kiwanja cha N'Dolo mjini Kinshasa, ndege ya mizigo aina ya Antonov ilikimbia na uzito uliopita kiasi, ikashindwa kuinuka, ikaingia katika soko la Simbazikita lililokuwa mwisho wa kiwanja. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao mama waliokuja kuuza na watoto waliokuwa pamoja nao. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulimwaga mawe yake juu ya kiwanja cha Goma, kikawa kifupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege yenye abiria ilishindwa kuinuka hapo, ikaangukia nyumba na maduka ya Birere. Hakuna kati ya hayo lililokuwa fumbo kama uchovu wa chuma. Uzito hupimwa kwa mizani. Urefu wa kiwanja hupimwa kwa hatua.

Miaka michache iliyopita tulipaswa kusafiri kwa ndege ndogo kutoka kiwanja kimoja cha mashariki. Karani kijana alikuwa na mizani, naye alipima kila kitu, hata sisi abiria wenyewe, mmoja mmoja, na kuandika katika daftari. Tulikuwa na sanduku la vitabu vya shule. Akasema limezidi. Tukamwambia ni vitabu vya watoto, mitihani imekaribia. Akasema limezidi. Tukataja jina la mkubwa mmoja tunayefahamiana naye, jambo ambalo leo twaona haya kuliandika. Mama mmoja nyuma yetu, aliyekataliwa kikapu chake cha ndagala, alimwita kijana yule mtu asiye na moyo, na sisi hatukumtetea. Yule kijana hakupandisha sauti. Alilishusha sanduku, akaliweka kando ya ukuta, akasema, "Mwalimu, litakuja Alhamisi."

Lilikuja Alhamisi, limelowa mvua upande mmoja.